Mgeni Ndani ya Chupa

Sehemu ya saba

Dirisha lilikuwa tupu. Hapo ndipo tulipomwacha Coletha wiki iliyopita, kiganja chake kimelala juu ya ubao wa dirisha ambako saa mbili asubuhi aliweka chupa moja ya asali kwa mkono wake mwenyewe. Sasa ilikuwa inakwenda saa nne, na palikuwa na vumbi na alama ya duara, basi.

Kwa mliokosa gazeti, nitawaeleza upesi, maana Coletha hana muda wa kutusubiri.

Coletha ndiye mwanamke wa mashine katika kile kiwanda cha asali cha Nangara. Mashine yenyewe haina makuu. Ni beseni la maji yenye kina cha kidole, na vichwa viwili vya chuma vinavyotazamana. Chupa ikisimama katikati, kichwa kimoja kinapeleka sauti ambayo sikio la mtu halisikii, na cha pili kinaipokea upande wa pili. Asali ikiwa safi, mstari kwenye skrini unalala. Kukiwa na kitu kigumu ndani, jiwe au kipande cha kioo, mstari unasimama na kengele inalia. Ni ultrasaundi ile ile ya kina mama wajawazito, na ndiyo maana wafanyakazi wanaiita Mkunga.

Kitabu cha mashine kinauita uchafu wa namna hiyo "kitu kigeni". Watu wa kazi hawana subira na majina marefu. Kengele ikilia wao husema "kuna mgeni", wanaandika MGENI kwenye kifuniko kwa kalamu nyekundu, wanaiweka chupa kwenye rafu nyekundu na jioni inamwagwa. Neno likazoeleka mpaka majumbani. Jovita, binti wa Coletha, ana miaka mitatu. Akikuta kijiwe kwenye wali hukitoa mdomoni, humwonyesha mama yake na kusema: mgeni.

Asubuhi hiyo kengele ililia na kwenye skrini vikasimama vilele viwili vyembamba, alama ya kioo. Wageni wawili ndani ya chupa moja. Coletha akaandika neno lake kwenye kifuniko, akageuka kutafuta rafu nyekundu, na rafu haikuwepo. Meneja Sosthenes alikuwa ameiondoa alfajiri. Siku hiyo wanunuzi wa Arusha walikuwa wanakuja kukagua kiwanda na yeye hakutaka waone chupa mbovu. Coletha akaiweka dirishani, karibu na mlango wa stoo, akajiambia ataichukua baadaye. Hilo "baadaye" ndilo linalotuweka hapa tulipo.

Haya, tuendelee.

Yoakimu, mtunza stoo, alitokea mlangoni na daftari lake. Coletha akamwuliza kama ameiona chupa iliyokuwa dirishani.

"Ile ya mgeni?" Yoakimu akasema. "Nimeshampa."

"Umempa nani?"

"Mgeni."

Coletha alidhani anataniwa. Akamtazama Yoakimu usoni na hakuona utani wowote. Yule kijana ana wiki mbili tu kiwandani, ametoka kwenye duka la mbao, na hakuna aliyemketisha kumfundisha lugha ya mashine. Kwake mgeni ni mtu aliyebisha hodi. Na nani atamlaumu? Neno hilo limekuwa na maana hiyo tangu babu zetu, na ni sisi tuliolipeleka kwenye uchafu.

Ipo pia desturi ya kiwanda. Mfanyakazi akitembelewa na ndugu yake anaruhusiwa kumpa chupa moja ya asali. Kwa hiyo, Yoakimu alieleza, mgeni wa Coletha alipokuja getini na yeye Coletha yuko kwenye mashine, haruhusiwi kuitwa, alitazama huku na huku akaona chupa imeandikwa MGENI kwa mwandiko wa Coletha. Akafurahi kwamba dada huyu ana adabu, amemwandalia mgeni wake mapema.

"Mgeni wangu yupi?" Coletha akauliza. "Mimi sikuwa na mgeni."

Ni mzee mmoja mrefu, Yoakimu akasema. Koti la kijivu, fimbo, rozari inaonekana shingoni. Hana jino moja la mbele. Alikataa kuketi. Alipopewa chupa aliishika kwa mikono miwili, akakisoma kifuniko, akauliza ni kweli Coletha ndiye aliyeandika. Alipoambiwa ndiyo, aliitia chupa ndani ya koti.

"Akasema nini?"

"Akasema, mwambieni nimekuja."

Coletha alishika ukuta.

Msomaji, huyo mzee ni baba yake. Mzee Kasimiri, katekista wa Kikatoliki kule juu Mbulu, ambaye kwa miaka minne hajamtumia binti yake hata salamu. Coletha alipofunga ndoa na Jesse katika kanisa la Kilutheri la Bonga, mzee aliapa mbele ya ndugu kwamba hatakanyaga kwake wala hataonja chakula kilichotoka mkononi mwake. Na mzee wa namna ile akiapa, ameapa. Sasa ameshuka mlima peke yake, amefika hadi getini, na kitu cha kwanza alichopokea kutoka kwa mwanawe ni chupa yenye vipande viwili vya kioo.

Basi la Mbulu huondoka stendi saa tano. Kama mzee alikuwa anarudi kwake, bado alikuwa hapa mjini Babati. Coletha alihitaji simu. Lakini simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini kila asubuhi, ndiyo sheria ya mahali panapotengenezwa chakula, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sosthenes. Naye Sosthenes alikuwa ameingia mlango wa mbele wakati huo huo akiwa na wanunuzi watatu, wote wamevaa makoti meupe na kofia za nailoni, akiwaonyesha kila kitu kwa mkono kama anayetembeza watu shambani kwake.

Coletha alimfuata. Alikuwa hajafungua kinywa.

"Na huyu ndiye Mama Jovita," Sosthenes akasema. "Huyu ndiye anayeisikiliza mashine yetu. Mama Jovita, waonyeshe."

Alitaka kusema hapana. Nawaambia ukweli, alitaka. Lakini kuna namna mkubwa wa kazi anavyokutazama mbele ya wageni, na wewe uliyeitafuta kazi hiyo mwaka mzima miguu inakwenda yenyewe. Alijiambia ni dakika kumi. Ataonyesha, ataomba ufunguo, atapiga simu. Basi huwa linachelewa kila siku, kwa nini leo liwahi?

Akachukua chupa ya mfano, ile iliyotiwa shanga ya kioo kwa makusudi, akaisimamisha kwenye beseni kati ya vile vichwa viwili. Mstari ukasimama. Kengele ikalia. Wanunuzi wakapiga makofi.

Sosthenes alieleza kwamba mashine hii haidanganyiki. Haidanganyiki kwa kweli, shida ni sisi. Coletha aliutazama ule mstari na akili yake ikaona mwingine, wa vilele viwili, na juu yake mdomo wa baba yake wenye pengo la jino.

Mmoja wa wanunuzi, mama mwenye miwani, hakuwa mtu wa makofi. Alimgeukia Coletha mwenyewe akamwuliza, zile chupa zinazolia mnazipeleka wapi.

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Coletha aliona macho ya Sosthenes, akaona na kitambulisho chake mwenyewe kinachoning'inia kifuani.

"Tunaziandika, mama," alisema. "Halafu tunaziweka pembeni."

Kila neno lilikuwa kweli. Sosthenes akadakia kwamba iko rafu maalumu nyekundu, leo imepelekwa kupakwa rangi. Wageni wakacheka kidogo, wakasogea kwenye maboksi. Mimi nimemjua Coletha kwa sehemu saba sasa na nampenda, lakini hapo alinivunja moyo. Naye alijivunja moyo mwenyewe, zaidi yangu.

Alimvuta Sosthenes kiwiko. Akamnong'oneza kwamba chupa yenye kioo imetoka getini.

Sosthenes aliendelea kuwatabasamia wanunuzi. "Moja?" aliuliza bila kufungua meno. "Chupa moja isitufungie kiwanda, Mama Jovita. Baada ya wageni."

"Amepewa baba yangu."

Tabasamu lilibaki, lakini macho yakageuka. Nadhani ni mara ya kwanza alimwona kama mtu na si mkono wa mashine. Akaingiza vidole mfukoni, akamtilia ufunguo kiganjani kwa siri, kama mtu anayetoa rushwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro robo.

Coletha alifungua kabati. Akawasha simu. Alikuwa ameamua kumpigia mtu wa stendi, yeyote, amzuie mzee asipande. Lakini simu ilipowaka ilimwonyesha kitu kingine. Mama Jesse alikuwa amempigia mara nane.

Mama Jesse ni mkwewe, Bibi Tabitha, anayeishi naye Bonga na anayebaki na Jovita wakati Coletha yuko kazini na Jesse yuko safarini na lori. Mama Jesse hapigi simu ovyo, kwa sababu kile kisimu chake cha kitochi betri haikai. Tangu juzi Jovita alikuwa anakohoa. Coletha alijua la kufikiri, akalifikiri, akapiga.

"Mama Jovita, mbona hupokei?" Sauti ya mkwewe ilikuwa na furaha tele. "Tuna mgeni."

Coletha alijua kabla hajauliza.

"Ni baba yako. Mzee Kasimiri mwenyewe, aliulizia mpaka akafika. Amekaa hapa kwenye kiti cha Jesse. Na ameleta asali ya kwako, amesema umemwekea."

"Mama, msile hiyo asali. Ndani kuna mgeni."

"Ndiyo, yuko ndani. Amekaa."

"Hapana, mama, sikiliza. Ndani ya asali. Kuna wageni wawili."

"Wawili?" Mama Jesse alistuka kidogo, stuko la mwenye nyumba. "Wa pili yuko njiani? Basi ngoja niongeze maji ya chai."

"Kioo, mama. Kioo."

Lakini hilo aliiambia simu iliyokufa. Akapiga tena, na yule dada wa mtandao akamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Dada hakubadili neno.

Hebu fikiri. Neno kioo lina silabi tatu, hata mtoto analijua. Angelianza nalo, yangekwisha. Lakini miaka miwili ya kusema mgeni, mgeni, mgeni kutwa nzima ilikuwa imemkaa ulimini, na alipopatwa na hofu ulimi ukachukua lililo karibu.

Akakimbia.

Getini Octavian mlinzi alidai kibali cha kutoka chenye saini. Coletha hakuwa nacho. Alimwambia mtoto wake anakula kioo, na Octavian akafungua bila kuuliza la pili, Mungu ambariki. Lakini gari la wanunuzi lilikuwa limezuia njia, dereva hayupo, na bajaji mbili zilizokuwa nje zilishindwa kuingia zikageuza na kuondoka mbele ya macho yake. Akatoka kwa miguu na gamboti za kiwandani, koti jeupe linapepea, kofia ya nailoni kichwani, watu wanageuka kumwangalia. Alipata bodaboda kwenye kona.

"Bonga. Upesi."

"Poa, sista," kijana akasema, na kweli alikwenda upesi, mpaka kituo cha mafuta. Tenki lilikuwa tupu. Mbele yao kulikuwa na pikipiki tano na kenta moja inayojazwa taratibu. Coletha alishuka akasimama, akapanda, akashuka. Aliwaomba waliotangulia wampishe. Wanne walikubali. Wa tano alisema kila mtu ana haraka zake. Hakukuwa na la kufanya. Namba za pampu zilipanda moja moja na yeye akazihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiko kulikobaki.

Njia yote ya Dodoma, ile inayopita Bonga, alikuwa anaomba. Hakuwa na sala iliyokamilika. Alisema, wasionje, wasionje, wasionje, na upepo ukamtoa machozi ambayo huenda yangetoka bila upepo.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na chupa ya chai na vikombe vinne. Mama Jesse alikuwa ameweka kikombe cha mgeni wa pili, amekifunika na kisahani. Katikati ya meza kulikuwa na chupa ya asali, imefunguliwa, kifuniko kando, maandishi mekundu yanaangalia dari. Kijiko kilikuwa kimelazwa kwenye kisahani. Kilikuwa kinang'aa.

Mzee Kasimiri alisimama kwa fimbo yake. Amezeeka, Coletha akaona. Miaka minne ilimchukua kama kumi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa ameota neno hilo mara nyingi, nalo likaja siku asiyoweza kulipokea. Aliuliza Jovita yuko wapi. Amelala, Mama Jesse akajibu. Aliuliza kama amelamba asali. Mama Jesse akakunja uso, akasema hajaonja hata kidogo, asali imefunguliwa kwa ajili ya mgeni na mtoto angepewa na uji akiamka, yeye hakukosa malezi kiasi hicho.

Coletha aliingia chumbani. Jovita alikuwa amelala ameelekea ukutani, pumzi inapanda na kushuka. Akamgusa paji la uso. Halina moto. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshukuru Mungu kwa jina la watakatifu wote wa baba yake.

Kisha akarudi sebuleni akauliza swali la pili.

"Baba, wewe umekula asali?"

Mama Jesse aliweka mkono mdomoni kwa aibu. Kumwuliza mgeni kama amekula asali yako, tena baba yako, tena siku kama hiyo. Mzee alijinyoosha kwenye fimbo. Ikabidi Coletha aseme yote, kwa maneno ya watu wa kawaida safari hii: mashine, kengele, kioo, vipande viwili, na neno mgeni lilivyowazungusha wote.

Mzee alikaa tena, polepole.

"Kilikuwepo kitu kigumu," alisema. "Nilidhani ni asali iliyoganda."

"Ukakitema wapi, baba?"

"Niteme?" Alimtazama kana kwamba haelewi. "Niliapa sitaonja cha mkono wako. Leo nimekuja kukivunja kiapo changu kwa kula, mbele ya Mama Jesse, kwenye kiti cha mume wako. Halafu kijiko cha kwanza nikiteme sakafuni?" Akatikisa kichwa. "Nilimeza."

Mama Jesse hakungoja. Alichukua khanga akatoka kwenda barabarani kutafuta bajaji ya kumpeleka mzee hospitali. Coletha alimwuliza baba yake anaumia wapi. Hapaumi, akasema. Kooni kumekwaruza kidogo, kumeacha. Aliyasema hayo kwa heshima, kama mtu anayesifu chakula.

Coletha hakuweza kumtazama tumboni akaona. Yeye ambaye kutwa anaona ndani ya chupa elfu, mbele ya baba yake alikuwa kipofu kama mtu mwingine yeyote. Kitu kimoja tu aliweza kufanya. Kilibaki kipande cha pili. Akakipate, basi, akakitie kwenye karatasi aende nacho hospitali, waone ukubwa wake, waone ncha zake. Na ajue walau kwamba kimoja hakijamwingia mtu.

Akachukua chujio la chai na sufuria, akaanza kumimina.

Asali haina haraka. Ile iliyoganda nusu ndiyo kabisa. Ilishuka kwa uzi mmoja, ikajaa kwenye chujio, ikakataa kupita. Coletha akachukua maji ya moto aliyoongeza Mama Jesse kwa ajili ya mgeni wa pili, akaiweka chupa ndani yake, akaikoroga asali kwa mpini wa kijiko. Punje zikaanza kubaki kwenye chujio, nyeupe, zinameremeta. Kila moja ilikuwa kioo mpaka alipoibana kwa vidole. Ikivunjika ni sukari. Akabana moja, ikavunjika. Akabana nyingine, ikavunjika.

"Umeona kitu?" mzee akauliza.

"Bado, baba."

Akamimina tena. Nje hakukuwa na mlio wa bajaji. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa asali na alikuwa anavitenganisha kwa maji, anabana, anavitenganisha.

"Umeona?"

"Bado."

Alidhani mzee anaogopa kwa ajili ya nafsi yake, akamwambia atulie, madaktari watamsaidia, kipande kimoja si kitu, watu wamemeza misumari wakapona. Mzee alikuwa amelegeza rozari shingoni, ameishika mkononi, lakini hakuwa anaisali.

Chupa ikabaki na vidole viwili vya asali. Kisha kimoja. Coletha akaisuuza kwa maji ya moto, akamimina yale maji pia, akaibana punje ya mwisho. Ikavunjika.

"Umeona kitu, mwanangu?"

"Hakuna," alisema. "Chujio ni tupu."

Alikagua kijiko. Akakagua kisahani, na kifuniko, na meza kwa kiganja kizima. Vilele vilikuwa viwili. Aliviona kwa macho yake, na mashine haidanganyiki. Akamgeukia baba yake amwulize kama huenda alimeza vyote viwili bila kujua, na akaona kwamba mzee ameiweka fimbo yake sakafuni.

"Mama Jesse alikuwa jikoni," Mzee Kasimiri alisema. "Alikwenda kuongeza maji. Mtoto akaamka, akaja mlangoni anakohoa. Akanitazama. Hanijui. Miaka mitatu mjukuu wangu hanijui." "Sijawahi kumpa kitu, Coletha. Hata pipi. Nikamlambisha kijiko kimoja, akacheka, nikamrudisha kulala. Mama Jesse aliposema hajaonja, nikaona aibu kumkatalia ndani ya nyumba yake. Nikasema moyoni utakiona kipande cha pili kwenye chujio."

Chujio lilikuwa bado mkononi mwa Coletha, na tone la mwisho lilikuwa linajivuta kwenda sufuriani.

Pazia la chumbani likasogea. Jovita alikuwa amesimama hapo peku, usingizi bado machoni, asali imekauka kidevuni. Alimwangalia babu yake. Kisha akamwangalia mama yake, akainua kidole kidogo akakiweka shingoni.

"Mama," alisema. "Mgeni."